MKATE WA NGANO NZIMA NA MBEGU USIOTAKA HAMIRA

Mtaa wa Loresho, ulioko upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, una nyumba nyingi zenye jiko la gesi au la umeme ambalo chini yake kuna tanuri la kuokea. Hata hivyo si ajabu kulikuta tanuri hilo limegeuzwa kabati la kuwekea sufuria, na mkate wa nyumba hiyo ukinunuliwa dukani kila jioni. Watu wengine, baada ya kushauriwa na daktari wapunguze mkate mweupe, hununua mkate wenye rangi ya kahawia na kuamini kwamba wametii. Lakini rangi peke yake si ushahidi. Unga mweupe waweza kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, au pumba kidogo tu, na mkate ukatoka tanurini una sura ya mkate wa ngano nzima.

Kwa hiyo jambo hili si la anasa. Nyumba yenye mzee mwenye ugonjwa wa sukari, au mtu anayesumbuliwa na tumbo kufunga, au watoto ambao mkate ndio chakula chao cha asubuhi siku zote, hutoa fedha yake ili ipate kitu fulani, na yafaa ikipate. Njia iliyo hakika ni kuoka mkate huo nyumbani. Wengi huogopa kazi hiyo kwa sababu ya hamira, maana hamira hutaka kungojewa, na unga wake hutaka kukandwa mpaka mikono ichoke. Makala hii yaeleza mkate mwingine, usiotaka hamira wala kukandwa. Huchanganywa kwa mwiko, na tangu unga kutiwa bakulini hadi mkate kutoka tanurini hauchukui zaidi ya saa mbili.

PUNJE YA NGANO INA NINI

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ya kwanza ni maganda ya nje, ambayo yakisagwa huitwa pumba; uzito wake ni kama sehemu 14 au 15 katika kila 100 za punje. Ya pili ni kiini, ambacho ni sehemu 2 au 3 tu katika 100. Hicho ndicho huchipuka punje ikipandwa, nacho kina mafuta, vitamini za B na vitamini E. Ya tatu ni sehemu nyeupe ya ndani, yenye wanga na protini, nayo yazidi sehemu 80 katika 100. Unga wa ngano nzima una sehemu hizi zote tatu. Unga mweupe una hiyo ya tatu peke yake.

Hapo zamani ngano ilisagwa kwa mawe, na kuutenga unga mweupe ilikuwa kazi ngumu na ya gharama. Katika miaka ya 1870 na 1880 vinu vya magurudumu ya chuma vilienea Ulaya na Marekani, navyo viliweza kuitenga sehemu nyeupe upesi na kwa bei nafuu. Wafanya biashara waliupenda unga huo kwa sababu hudumu ghalani muda mrefu, maana mafuta ya kiini ndiyo huufanya unga uchache na kunuka. Hapa Kenya, Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga Limited mwaka wa 1908, ili ngano ilimwayo nchini isagwe nchini. Tangu siku hizo mkate mweupe umezoewa sana mijini hata watu wengi hudhani kwamba ndio mkate wa asili.

Serikali ya Kenya nayo imelitazama jambo la chakula kinachopotea kinuni. Tangu mwaka wa 2012 sheria yataka unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa viwandani utiwe vitamini na madini, kama vile chuma na zinki. Hilo ni jambo jema, wala mtu asidhani kwamba unga mweupe ni sumu. Lakini kitu kimoja hakirudishwi, nacho ni nyuzinyuzi za zile pumba. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina nyuzinyuzi gramu 10 au zaidi, hali unga mweupe wa uzito ule ule una kama gramu 3 tu. Nyuzinyuzi husaidia choo kupita vizuri, hushibisha, na huzuia sukari ya chakula isiingie katika damu kwa ghafula. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2023, lilishauri kwamba mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, kutoka katika nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde.

KUCHAGUA UNGA

Katika maduka ya Nairobi unga wa ngano wenye pumba huuzwa zaidi kwa jina la atta, neno lililoletwa na Wahindi pamoja na chapati. Mnunuzi hana budi kusoma maneno yaliyopigwa chapa katika pakiti. Atta nyingine ni ngano nzima kweli. Nyingine imechekechwa na kupunguzwa pumba. Ikiwa pakiti yasema ngano nzima, vema. Ikiwa haisemi, mimina unga kidogo katika kiganja na kuutazama mahali penye mwanga: vipande vidogo vya rangi ya kahawia vyapasa kuonekana vingi, wala si kimoja hapa na kimoja kule.

Mwenye kupata ngano ya punje aweza kuipepeta, kuichagua mawe, na kuipeleka kwenye kinu cha posho. Hapo hana shaka, kwa kuwa alichopeleka ndicho arudicho nacho. Lakini amwombe mwenye kinu aitangulize kwa kibaba kimoja ambacho kitatupiwa kuku, la sivyo unga wake utachanganyika na mahindi yaliyosagwa kabla yake.

Unga wa ngano nzima usinunuliwe mwingi kwa mara moja. Kama tulivyosema, kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Nunua wa kutosha mwezi mmoja, uuweke katika chombo chenye kifuniko mahali pa baridi. Kabla ya kuutumia, uunuse. Unga mzuri hunukia nafaka. Uliochacha hunuka kama mafuta ya zamani, na ukionjwa huacha uchungu ulimini. Mbegu nazo zina tabia hiyo hiyo.

KITU KINACHOUINUA MKATE

Mkate huumuka kwa sababu ya hewa inayozaliwa ndani yake. Hamira ni vijidudu vilivyo hai ambavyo hula sukari ya unga na kutoa hewa ya ukaa. Kazi yao huchukua saa nyingi, na unga hauna budi kukandwa hata uwe na mnato wa kuikamata hewa hiyo. Pumba za ngano nzima huukata mnato huo, na ndiyo sababu wanaojaribu kutumia hamira kwa unga wa ngano nzima bila mazoezi hupata mkate mzito kama tofali.

Iko njia ya pili. Kitu kiitwacho bekingi soda kikikutana na kitu kichachu, hewa ya ukaa hutoka papo hapo. Msomaji aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe: atie soda kidogo sana katika kikombe chenye maji ya ndimu, naye ataona povu. Watu wa Ayalandi, ambao ngano yao ni laini na haina mnato mwingi, walianza kuoka mkate kwa njia hiyo katika karne ya 19, wakitumia maziwa yaliyochacha. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka wa 1843, Alfred Bird, mwuza dawa wa mji wa Birmingham huko Uingereza, alitengeneza bekingi pauda, ambayo ni soda iliyochanganywa tayari na asidi kavu. Yasemekana alifanya hivyo kwa ajili ya mke wake, ambaye hamira ilimdhuru.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta maziwa machachu. Maziwa ya mala, ambayo wengine huyaita maziwa lala, huuzwa katika maduka yote ya Nairobi na katika vibanda vya Kangemi, na watu wengi huyagandisha nyumbani. Uchachu wa mala ndio utakaoiamsha soda. Chagua mala yasiyotiwa sukari wala ladha ya matunda. Asiyepata mala atumie mtindi uliolegezwa kwa maji, au maziwa mabichi aliyoyachemsha na kuyapoza, akiyatia maji ya ndimu vijiko 2 vya mezani na kuyaacha kwa dakika 10 mpaka yakatike.

Hapa yafaa kutoa onyo. Bekingi soda si sawa na magadi yatumiwayo jikoni kulainishia maharagwe na mboga. Magadi ya ziwani ni makali zaidi, hugeuza mkate kuwa na ladha ya sabuni, na yana floridi, madini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa. Magadi yasitumiwe katika mkate huu.

LORESHO IKO JUU

Vitabu vingi vya mapishi viliandikwa na watu wakaao karibu na usawa wa bahari. Loresho iko karibu mita 1,800 juu ya usawa huo. Jambo hili hudhaniwa kuwa dogo, lakini limeharibu mikate mingi. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, haikandamizi mkate kama ifanyavyo Mombasa. Kwa hiyo povu la ndani hupanuka kupita kiasi, hupasuka kabla mkate haujashikamana, na mkate ulioinuka vizuri huzama katikati. Tena maji huchemka kwa joto la digrii 94 hivi, wala si 100, na kwa kuwa ndani ya mkate mbichi joto haliwezi kupita lile la maji yachemkayo, mkate hukawia kuiva. Maji nayo hukauka upesi zaidi.

Maana yake ni haya matatu: soda isizidishwe, unyevu uongezwe kidogo, na mkate uachwe tanurini mpaka uive kweli. Vipimo vifuatavyo vimewekwa kwa kufikiri hayo.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kikombe kinachotajwa hapa ni cha mililita 250. Vijiko vyote visawazishwe kwa kisu, visijazwe mlima.

Unga wa ngano nzima, vikombe 3 (karibu gramu 400)
Unga wa wimbi, nusu kikombe (karibu gramu 60)
Mbegu za alizeti zilizomenywa, vijiko 2 vya mezani
Mbegu za maboga zilizomenywa, vijiko 2 vya mezani
Ufuta, yaani simsim, vijiko 2 vya mezani
Mbegu za kitani, vijiko 2 vya mezani, zilizotwangwa kidogo
Maziwa ya mala, vikombe 2 kasoro kidogo (karibu mililita 475)
Bekingi soda, kijiko 1 cha chai
Chumvi, kijiko 1 cha chai
Asali au sukari guru, kijiko 1 cha mezani
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya mezani
Yai 1, kwa apendaye

Mbegu hizi zaweza kupatikana katika masoko na maduka makubwa ya Nairobi. Asiyepata zote atumie alizopata, mradi jumla iwe vijiko 8. Mbegu za kitani zina ganda gumu, na zikiliwa nzima hupita tumboni bila kufaidi mtu, ndiyo maana zatakiwa kutwangwa. Wimbi si lazima, lakini hutia ladha na rangi nzuri, nalo ni nafaka ambayo husagwa pamoja na ganda lake.

JINSI YA KUFANYA

Kwanza, tia mala katika bakuli kubwa, utie na mbegu zote, unga wa wimbi, na kikombe kimoja cha unga wa ngano. Koroga, funika, uache kwa nusu saa. Mwenye nafasi aweza kufanya hivyo usiku na kuliweka bakuli katika friji hadi asubuhi. Kulowekwa huku hulainisha pumba na mbegu, na mkate hauwi na chengachenga mdomoni. Angalia sana kwamba soda haitiwi wakati huu.

Pili, washa tanuri mapema, kwa joto la digrii 200. Tanuri lapasa kuwa limekwisha pata moto kabla ya kuchanganya kutakakofuata. Paka mafuta bati la mkate lenye urefu wa sentimita 23 hivi na upana wa 13, ulinyunyizie unga kidogo.

Tatu, katika bakuli jingine changanya vikombe 2 vya unga vilivyobaki pamoja na chumvi na soda. Soda ipitishwe katika chujio la chai, ukiivunja kwa kijiko, isibaki na madonge. Donge moja la soda lisilovunjwa hufanya doa la manjano lenye uchungu, na mtoto atakayelipata katika kipande chake hatautaka mkate huo tena.

Nne, tia asali, mafuta na yai katika lile bakuli la mala, ukoroge. Kisha mimina unga mkavu juu yake na kuchanganya kwa mwiko, ukipitisha mwiko chini na kuupindua juu. Acha mara tu usipoona unga mkavu. Usikande, wala usipige. Mchanganyiko wapaswa kuwa mzito kama uji wa wimbi uliopoa, ukianguka kutoka katika mwiko kwa mafungu. Ukiwa mkavu kama unga wa chapati, ongeza mala vijiko viwili au vitatu.

Tano, mimina katika bati bila kuchelewa, usawazishe juu kwa kijiko kilicholowa maji, unyunyize mbegu chache, na upitishe kisu katikati kwa urefu ili mkate upasuke mahali pazuri. Tia tanurini mara moja. Haraka hii ina sababu: soda ilianza kutoa hewa tangu ilipogusana na mala, na kila dakika inayopita ni hewa inayokwenda bure.

Sita, oka kwa dakika 50 hadi 60, wala usifungue mlango katika dakika 30 za kwanza. Mbegu za juu zikianza kuungua, funika kwa karatasi ya bati. Kujua kama mkate umeiva, choma katikati kwa kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, utoe, uupindue, na kuugonga chini kwa kidole. Mkate ulioiva hulia kama kitu chenye uwazi ndani. Ukilia mzito, urudishe tanurini bila bati lake kwa dakika 10.

Mwisho, ufunike kwa kitambaa na kuuacha upoe kwa saa moja au zaidi. Kuukata ungali moto ni kuuharibu, maana ndani huwa haujamaliza kushikamana.

ASIYE NA TANURI

Wengi hawana tanuri, lakini njia yao si ngeni. Kina mama wa pwani wamekuwa wakioka mikate yao kwa kupalia makaa juu na chini tangu zamani. Chukua sufuria kubwa yenye kifuniko cha bati, utie ndani changarawe safi kwa kimo cha vidole viwili, uiweke juu ya jiko la makaa mpaka ipate moto kwa robo saa. Weka bati la mkate juu ya changarawe, funika, kisha weka makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa moto wa chini ndio unaounguza. Mkate huchukua saa moja hivi, wakati mwingine zaidi.

Kazi hii ifanyiwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, wengine hushawishika kuliingiza jiko ndani baada ya kupika ili wapate joto. Wasifanye hivyo.

MAKOSA NA MAREKEBISHO YAKE

Mwandishi wa maneno haya alipoujaribu mkate huu mara ya kwanza, alifuata kitabu cha kigeni, akatia soda vijiko viwili kwa kudhani kwamba wingi wake utauinua zaidi. Mkate uliinuka kama kofia, ukazama kama bakuli, na ladha yake ikawa ya sabuni. Kuku wa jirani ndio walioufaidi. Mara ya pili alipima soda sawasawa, lakini alichanganya kwanza ndipo akakumbuka kuwasha tanuri. Mkate ukatoka mfupi na mzito. Mara ya tatu ndipo nyumba ilipokula. Tunayataja haya ili msomaji asikate tamaa kwa bati moja lililoharibika, bali atafute sababu yake.

Mkate ukizama katikati, soda ilizidi au mkate haukuiva. Ukiwa mzito wala haukuinuka, huenda soda ni ya zamani, au mchanganyiko ulikawia nje ya tanuri. Ijaribu soda kwa ndimu kama tulivyoeleza. Isipotoa povu la nguvu, nunua nyingine. Ukiwa na ladha ya sabuni, soda ilikuwa nyingi kuliko uchachu wa mala. Ukimeguka ovyo, ulikatwa moto au ulikosa unyevu.

Liko jambo moja linalowatisha watu bure. Siku ya pili, mkate waweza kuonekana una rangi ya kijani ndani, hasa kuzunguka mbegu za alizeti. Hiyo si kuvu. Mbegu za alizeti zina asidi fulani ambayo ikikutana na soda hugeuka kijani, na kuila hakuna madhara. Kuvu huwa na manyoya juu, na hunuka. Mkate wenye kuvu utupwe wote, lakini mkate ambao mbegu zake zimegeuka kijani tu uliwe bila hofu. Rangi hiyo ikizidi, ni ishara kwamba soda inaelekea kuwa nyingi. Wakati ujao punguza kidogo.

KUUTUNZA NA KUULA

Vipimo hivi hutoa mkate wa karibu kilo moja, utakaokatwa vipande 16. Kila kipande kina nyuzinyuzi za gramu 3 hadi 4, kwa kukadiria, hata vipande viwili vya asubuhi humpa mtu zaidi ya robo ya zile gramu 25. Ukifungwa katika kitambaa safi na kuwekwa katika chombo chenye kifuniko, mkate hudumu siku tatu. Katika friji hudumu siku tano au sita. Huliwa vizuri na siagi kidogo, na parachichi lililopondwa, na mayai, au na maharagwe. Siku ya pili na ya tatu huwa mtamu zaidi ukichomwa.

Watu wachache wapaswa kuangalia. Mtoto mdogo asiyejua kutafuna vema asipewe mbegu nzima, maana zaweza kumkwama kooni. Zitwangwe zote kabla ya kutiwa. Mtu anayedhurika na ufuta auache. Mwenye ugonjwa unaomkataza ngano asiule kabisa, kwa kuwa ngano nzima ni ngano vile vile. Mtu asiyezoea nyuzinyuzi aanze na kipande kimoja kwa siku, na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Mwenye ugonjwa wa sukari naye aelewe vema. Mkate huu wamfaa kuliko mkate mweupe, lakini haukugeuka kuwa dawa. Una wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini. Ahesabu vipande vyake kama alivyoagizwa na daktari, wala asiache dawa zake kwa sababu amebadili mkate.

Katika Loresho hiyo hiyo, penye Barabara ya Kaptagat, ndipo yalipo makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ambalo kituo chake cha Njoro kimeshughulika na mbegu za ngano kwa miaka mingi. Wataalamu huchagua mbegu kwa bidii, wakulima wa Narok na Nakuru huilinda ngano na kutu, na punje hufika kinuni ikiwa nzima. Baada ya hapo, kama itaufikia mdomo wa mtoto ikiwa nzima au ikiwa imepungua ni shauri la mwenye nyumba. Atakayekuwa na nafasi siku ya Jumamosi na aondoe zile sufuria tanurini, anunue mala pakiti moja, na ajaribu. Akipima soda sawasawa na kuliwasha tanuri mapema, hatakuwa na la kuogopa.